Ugomvi wa Kisima na Namba Iliyojificha



Katika kisomo tulijifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Wengi tulidhani mambo yameishia hapo. Leo tutakwenda hatua moja mbele. Tutajifunza kuitafuta namba ambayo hatuijui, kwa kutumia namba tunazozijua. Kazi hiyo inaitwa aljebra. Usiogope jina. Kazi yenyewe umeifanya mara nyingi kichwani, ila hukuambiwa kuwa ina jina.

Chukua kalamu na daftari. Weka pia punje za mahindi kama mia nne hivi mbele yako. Somo hili halisomwi kwa macho tu. Mkono usipoandika, hesabu haiingii.

Fundi na mweka hazina

Kijiji kimoja tunakofundisha kilichimba kisima. Walichimba mwezi wa Mei, mara tu baada ya masika. Hapo palikuwa na kosa la kwanza, na wala si kosa la hesabu. Mwezi wa Mei maji yako juu. Ukichimba wakati huo unayafikia upesi, unafurahi, unajengea. Kiangazi kikifika, maji yanashuka na kukuacha. Kisima kichimbwe kiangazi, maji yakiwa chini kabisa. Hilo liandike katika daftari lako, hata kama hesabu za leo zitakushinda.

Basi fundi alichimba futi 20 akapata maji. Akalipwa, akaenda zake. Mwezi wa Septemba kisima kikakauka. Akina mama wakarudi kule kule mtoni, mwendo wa saa moja na nusu kwenda, na kurudi na ndoo kichwani ni zaidi ya hapo. Kamati ya maji ikamwita fundi aongeze futi 5.

Mapatano ya kwanza yalikuwa hivi: futi ya kwanza ina bei yake, na kila futi inayofuata bei inaongezeka Sh. 1,000/=. Sisi tunaona kupatana hivyo ni haki. Futi ya kwanza mtu anachimba juani, udongo anautupa kwa koleo. Futi ya 20 yuko gizani, udongo unavutwa kwa ndoo na kamba, na maji yanamfika magotini. Hawezi kulipwa sawasawa.

Hiyo elfu moja kila mtu aliikumbuka. Lakini futi ya kwanza ilikuwa bei gani? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Karatasi ya mapatano ilikuwa imeliwa na mchwa. Katika daftari la mweka hazina ulibaki mstari mmoja tu: "Kisima, futi 20, tumemlipa fundi Sh. 590,000/=." Fundi alikubali kuwa alipokea fedha hizo, wala hapakuwa na ubishi juu yake.

Fundi akasema, "Mimi nilianza na elfu 25. Kwa hiyo futi ya 21 ni elfu 45."

Mweka hazina akatoa simu yake ya kitochi, akabonyeza mashine ya hesabu. "Hapana, Fundi. Laki tano na tisini ukigawa kwa 20 unapata 29,500. Hiyo ndiyo bei tuliyokulipa kwa kila futi, na hiyo hiyo tutakulipa sasa."

Hebu tuone walivyoachana. Kwa futi tano fundi alidai 45,000, 46,000, 47,000, 48,000 na 49,000. Jumla Sh. 235,000/=. Mweka hazina alitaka kulipa 29,500 mara 5, yaani Sh. 147,500/=. Tofauti ni Sh. 87,500/=. Si vijisenti hivyo. Wakavutana siku tatu. Fundi amekaa chini ya mwembe na sururu yake, na akina mama wanapita mbele yake na ndoo kwenda mtoni.

Nani alikuwa na haki? Weka jibu lako moyoni. Tutarudi.

Tuanze na dogo

Jirani anakuambia: "Mwezi huu nilikuwa safarini siku tatu mfululizo. Ukijumlisha tarehe zake unapata 48. Nilisafiri tarehe ngapi?"

Unaweza kubahatisha. 10, 11 na 12 zinafanya 33, ni ndogo. 20, 21 na 22 zinafanya 63, ni kubwa. Utabahatisha mpaka uipate. Si vibaya, lakini namba zikiwa kubwa utakesha.

Njia nyingine ni hii. Tarehe ya kwanza hatuijui. Tuipe jina. Tuiite n, kama vile mtu anayepita mbali unavyosema "yule bwana" kabla hujamtambua. Tarehe ya pili inaizidi ya kwanza kwa 1. Basi ni n + 1. Ya tatu ni n + 2. Tumeambiwa jumla ni 48. Tunaandika:

n + (n + 1) + (n + 2) = 48

Hesabu ukiiandika hivi inaitwa mlinganyo, maana pande zake mbili zinalingana. Ifikirie mizani ya dukani yenye sahani mbili. Alama ya = ni ule mti wa katikati. Ukitoa kitu sahani ya kushoto, toa kiasi hicho hicho sahani ya kulia, mizani haitayumba.

Sasa hesabu n ziko ngapi. Ziko tatu. Tunaandika 3n, maana yake n mara 3. Halafu 1 na 2 ni 3. Kwa hiyo:

3n + 3 = 48

Toa 3 kila upande:

3n = 45

Gawanya kila upande kwa 3:

n = 15

Tarehe ya kwanza ilikuwa 15, halafu 16, halafu 17. Jaribu: 15 + 16 + 17 = 48. Sawa. Usiliache jibu bila kulijaribu, kama ambavyo huachi chumvi bila kuionja.

Je, jirani angesema jumla ni 50? Ungepata 3n = 47. Gawanya 47 kwa 3. Haigawanyiki, inabaki 2. Hakuna tarehe ya namna hiyo katika mwezi wowote. Basi ama amesahau, ama anakupima akili. Faida mojawapo ya aljebra ni hiyo: hesabu isiyowezekana inakataa yenyewe.

Neno lenyewe aljebra limetoka katika Kiarabu. Mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad, aliandika kitabu chake karibu na mwaka 820, na katika jina la kitabu hicho limo neno al-jabr. Maana yake ni kurudishia kilichopungua au kuunga kilichovunjika. Hata kazi ya kuunga mfupa iliitwa kwa neno hilo. Yeye hakuandika herufi kama n. Aliandika hesabu zote kwa maneno matupu, na namba asiyoijua mara nyingi aliiita "kitu". Kwa hiyo wewe ukisema "kitu mara tatu, ongeza tatu, ni arobaini na nane", huna haja ya kuona haya.

Vidole na nafasi

Sasa mfano wa fedha. Mama mmoja alikuwa na deni dukani la Sh. 50,000/=. Alilipa mara nne. Kila mara alilipa Sh. 3,000/= zaidi ya mara iliyotangulia. Mara ya kwanza alilipa kiasi gani?

Malipo ya kwanza ni n. Ya pili ni n + 3,000. Ya tatu ni n + 6,000. Ya nne ni n + 9,000.

Hapa simama kidogo. Katika madarasa yetu, watu wengi huanguka mahali hapa. Wanasema malipo ni manne, basi malipo ya nne ni n + 12,000. Sivyo. Nyoosha vidole vya mkono mmoja. Vidole ni vitano, lakini nafasi kati ya kidole na kidole ni nne. Malipo ni vidole, nyongeza ni nafasi. Malipo ya kwanza hayana nyongeza. Ya pili yana nyongeza moja. Ya nne yana tatu. Nyongeza daima ni pungufu kwa moja.

Tuendelee:

4n + 3,000 + 6,000 + 9,000 = 50,000
4n + 18,000 = 50,000
4n = 32,000
n = 8,000

Alianza na Sh. 8,000/=, halafu 11,000, halafu 14,000, halafu 17,000. Jumlisha uone.

Turudi kisimani

Jumapili moja tulikwenda kijijini kwa ajili ya darasa, tukawakuta hata darasa hawalitaki. Wanazungumza kisima tu. Tukasema basi, darasa la leo ni kisima. Fundi akaitwa, mweka hazina akaitwa, na mama mmoja mtu mzima aliyemaliza hatua ya nne ya kisomo akashika kijiti cha kuandikia chini.

Futi ya kwanza: n. Futi ya pili: n + 1,000. Ya tatu: n + 2,000. Akaendelea mpaka ya 20. Mtu mmoja akapaza sauti, "n na elfu ishirini!" Yule mama hakusema kitu. Alimwonyesha vidole. Wakacheka. Futi ya 20 ni n + 19,000.

Basi n ziko 20. Nyongeza ni elfu 1, elfu 2, elfu 3, mpaka elfu 19. Kazi imebaki kujumlisha nyongeza hizo. Unaweza kuziandika zote 19 na kujumlisha moja moja. Lakini iko njia fupi, na hapa ndipo tunahitaji zile punje za mahindi.

Panga punje kama ngazi. Mstari wa kwanza punje 1, wa pili punje 2, wa tatu 3, mpaka wa 19 wenye punje 19. Sasa panga ngazi ya pili, lakini igeuze: mstari wake wa kwanza punje 19, wa pili 18, mpaka wa mwisho 1. Sogeza ngazi hizo mbili zikutane. Angalia mstari wa kwanza: 1 na 19 ni 20. Wa pili: 2 na 18 ni 20. Wa tatu: 3 na 17 ni 20. Kila mstari una punje 20, na mistari ni 19. Umepata kitu kama mkeka uliolala vizuri, hauna ngazi tena. Punje zote ni 20 mara 19, yaani 380. Lakini hizo ni ngazi mbili. Ngazi moja ni nusu yake, 190.

Kwa hiyo nyongeza zote ni elfu 190. Yule mama akaandika:

20n + 190,000 = 590,000

Akatoa 190,000 kila upande:

20n = 400,000

Akagawanya kwa 20:

n = 20,000

Futi ya kwanza ilikuwa Sh. 20,000/=. Watu wakanyamaza. Fundi akatikisa kichwa. "Hapana," akasema, "mimi nakumbuka elfu 25."

Hatukumwambia kuwa anasema uongo. Tulimwomba aijaribu namba yake mwenyewe. Kama alianza na 25,000, basi 25,000 mara 20 ni 500,000. Ongeza nyongeza 190,000. Jumla 690,000. "Fundi, je, tulikulipa laki sita na tisini?" Akafikiri. Akasema la, alilipwa laki tano na tisini. Kisha akakumbuka. Elfu 25 ilikuwa ya kijiji kingine alikochimba baadaye, kwenye udongo wa mawe. Alichanganya visima. Ni jambo la kawaida kwa mtu mwenye kazi nyingi.

Mweka hazina akaanza kutabasamu, lakini mapema mno. Zamu yake ilikuwa inakuja. Kama futi ya kwanza ni 20,000, futi ya 10 ni 29,000, na futi ya 11 ni 30,000. Ile 29,500 yake inakaa katikati ya hizo mbili. Hakuna futi hata moja iliyolipwa 29,500! Ni wastani tu. Futi za juu zililipwa chini ya hapo, na futi za chini zililipwa zaidi. Na fundi anaitwa achimbe chini, hakuitwa kuchimba juu. Simu haikukosea. 590,000 kugawa kwa 20 ni 29,500 kweli. Lakini mashine inajibu swali uliloiuliza tu, na mweka hazina aliuliza swali lisilohusika.

Futi ya 21 je? Vidole na nafasi tena. Mbele yake kuna nyongeza 20. Kwa hiyo ni 20,000 + 20,000 = Sh. 40,000/=. Futi tano ni 40,000, 41,000, 42,000, 43,000 na 44,000. Jumla Sh. 210,000/=. Pungufu ya alichodai fundi kwa Sh. 25,000/=. Zaidi ya alichotaka kulipa mweka hazina kwa Sh. 62,500/=. Ukitazama vizuri, aliyekuwa mbali zaidi na haki ni yule mwenye mashine.

Fundi akasema, "Nimekubali. Kamba iko wapi?" Kesho yake asubuhi akashuka.

Mapatano mapya yaliandikwa nakala mbili. Moja amekaa nayo fundi, nyingine imo ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati. Mchwa hatafuni bati.

Hesabu hii ni ya zamani sana

Usidhani mambo haya yameletwa juzi. Huko Misri, karibu na mwaka 1550 kabla ya Kristo, mwandishi mmoja aliyeitwa Ahmose alinakili hesabu nyingi juu ya karatasi ya mafunjo. Mwenyewe aliandika kuwa ananakili maandishi ya zamani zaidi. Sehemu kubwa ya karatasi hiyo imetunzwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Hesabu ya 64 katika karatasi hiyo ni ndugu wa hesabu ya kisima chetu. Inasema: gawa shayiri hekati 10 kwa watu 10, na kila mtu amzidi anayemfuata kwa thumni ya hekati. Hekati ilikuwa kipimo chao cha nafaka, karibu robo ya debe. Thumni ni sehemu moja ya nane.

Tuifanye kwa njia yetu. Mwenye fungu dogo kabisa apate n. Watu ni 10, basi nafasi ni 9. Jumla ya 1 mpaka 9, kwa njia ya ngazi, ni 9 mara 10, nusu yake, yaani 45. Basi nyongeza ni thumni 45. Hekati 10 ni thumni 80. Tunaandika kwa thumni:

10n + 45 = 80
10n = 35
n = thumni 3 na nusu

Na mkubwa wao anapata thumni 9 zaidi, yaani 12 na nusu. Ahmose alipata jibu hilo hilo, ingawa yeye alianzia katikati, kwenye wastani, akapanda nusu ya njia mpaka fungu kubwa kabisa, kisha akashuka thumni moja moja. Mweka hazina wetu angempenda. Tofauti ni kwamba Ahmose alijua wastani ni mahali pa kuanzia safari.

Zoezi

Fanya hesabu hizi katika daftari. Funika majibu kwa mkono. Wenye kikundi cha kusoma wafanye pamoja, lakini kila mtu aandike kwa mkono wake.

1. Tarehe tano zinazofuatana katika mwezi mmoja zina jumla ya 60. Ya kwanza ni ngapi?

2. Gulio la kata hufanyika kila baada ya siku 7. Mwezi fulani yalifanyika magulio manne, na jumla ya tarehe zake ni 58. Gulio la kwanza lilikuwa tarehe ngapi? (Angalia: nyongeza hapa ni 7, 14 na 21.)

3. Shamba la mteremko lina mistari 12 ya miche ya kahawa. Kila mstari una miche 2 zaidi ya mstari ulio juu yake. Miche yote ni 252. Mstari wa juu kabisa una miche mingapi? Na wa chini kabisa?

4. Fundi mwingine alichimba futi 10 kwa jumla ya Sh. 195,000/=, na kila futi iliongezeka Sh. 1,000/=. Anadai kuwa futi ya 11 ni Sh. 26,000/=. Je, mumlipe?

Majibu: (1) 10. (2) Tarehe 4. (3) 10 na 32. (4) La. Futi ya kwanza ilikuwa Sh. 15,000/=, kwa hiyo futi ya 11 ni Sh. 25,000/=. Fundi huyo amehesabu vidole, hakuhesabu nafasi.